Saa Kwenye Mkono wa Babu

Neno anachronisme nililisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mjomba wangu, siku alipotaka kumvua babu saa. Babu mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, tena miaka mingi, na saa yenyewe ilikuwa ya rangi, imechorwa juu ya kitambaa. Lakini ugomvi wake haukuwa wa kuchorwa. Ulinigharimu mume.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Kinama, pembezoni kabisa mwa mji, mimi na mama, katika nyumba ya udongo ambayo baba aliijenga kabla hajafariki. Mama alikuwa mtu wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, na aliuza ndagala sokoni, wale samaki wadogo wa kukaushwa ambao harufu yao hukaa nguoni hata ukizifua kwa majivu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Mji ulikuwa umebadilishwa jina, bendera imebadilishwa, na watu wazima walikuwa bado wanajikwaa ulimi, wanasema Usumbura halafu wanajisahihisha. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya ualimu, nafundisha darasa la kwanza, na nilikuwa na mchumba.

Mchumba huyo tulikutana kwenye kwaya ya parokia. Aliimba besi vibaya sana lakini kwa moyo wote, na mwalimu wa kwaya alimvumilia kwa sababu alikuwa mrefu na alipendeza akisimama nyuma. Alikuwa karani katika ofisi moja ya kahawa. Kwao walikuwa wamejenga Kinanira, kule juu mlimani kusini, watu wa heshima zao, Warundi waliosoma kwa mapadri tangu babu zao. Nilimpenda. Nasema hivyo mapema ili asije mtu akadhani nilikuwa natafuta kisingizio.

Sasa, mama alikuwa na imani moja ambayo padri hakuweza kuifuta. Aliamini kuwa binti hatolewi katika nyumba ambayo mzee wake hayumo. Kama mzee amekufa, basi kitu chake kinawekwa pale wanapokaa wanaume: fimbo yake, kofia yake, kigoda chake. Kwao ndivyo walivyofanya siku zote, na wageni wakiingia wanaanza kwa kukisalimu kile kitu, ndipo wanawasalimu walio hai. Tatizo ni kwamba babu, baba yake mama, hakuacha kitu. Fimbo yake iliungua pamoja na nyumba. Picha hakuwahi kupigwa hata moja. Mama aliposikia kwamba wakwe wanataka kuja kuposa, hakuuliza watakula nini wala watakalia nini. Aliuliza, "Baba atakuwa wapi?"

Ndipo akamwendea mchoraji.

Mchoraji huyu alikuwa mkimbizi kutoka Kivu, jirani yetu pale Kinama, na kazi yake ilikuwa kuchora mabango: vichwa vya watu kwa vinyozi, chupa na bilauri kwa wenye baa, samaki kwa akina mama. Lakini alikuwa na kazi nyingine iliyomletea wateja kutoka mbali. Alichora marehemu wasio na picha. Ukimwendea na mzee wako aliyekwisha kuoza, haombi picha. Anaomba watoto wake na wajukuu wake, waje wakae mbele yake mmoja mmoja, na kwa kila mmoja anachukua kipande. Kazi hiyo aliita kukusanya.

"Tutamukusanya muzee," alimwambia mama. "Yeye hakuenda na kila kitu. Aliwaachia."

Paji la uso alilichukua kwa mama. Pua aliichukua kwangu, maana mama aliapa kuwa pua yangu ni ya babu mtupu, na mimi nilikaa juu ya mkebe wa mafuta nikiwa nimeinua uso kama mgonjwa wa meno. Masikio yalikuwa kwa mjomba, mdogo wake mama. Mjomba alikataa kuja kukaa. Basi mchoraji akawa anakwenda kumsubiri kwenye lango la shule alikofundisha, anamtazama masikio tu, mpaka mjomba akaanza kubadilisha njia akidhani ni mtu wa usalama. Hilo lilituchekesha wiki nzima. Mikono ilikuwa ya mama. Aliilaza mezani, yenye nyufa za chumvi na magamba ya samaki kwenye kucha, na mchoraji akaichora kama ilivyo.

"Sasa muzee anavaa nini?" aliuliza.

"Koti," mama alisema. "Viatu. Anakaa mu kiti yenye mikono. Na saa."

"Saa ya mufuko?"

"Apana. Saa ya mukono. Ionekane."

"Inasema saa ngapi?"

Mama alifikiri. "Ile ya mbele ya kuitwa," akajibu.

Mimi nilijua maana yake, yaani saa ya kabla ya majina kuitwa, maana kisa hicho nilikinyonya pamoja na maziwa. Babu alifanya kazi ya barabara wakati wa Wabelgiji. Hakuiomba, alichukuliwa tu kama walivyochukuliwa wengine. Asubuhi watu walipangwa mstari wakaitwa majina, na aliyechelewa alilazwa chini akapigwa fimbo ya ngozi ya kiboko mbele ya wenzake, suruali imeshushwa. Nani alisema umechelewa? Kapita, msimamizi. Alijuaje? Alikuwa na saa. Ilikuwa moja tu kwa barabara nzima, imefungwa mnyororo, na ilikaa mfukoni mwake. Aliitoa, akaitazama, akairudisha, na hapo hukumu imekwisha. Babu aliamka jogoo hajawika. Alikwenda kulala karibu na barabara kabisa. Alifika wa kwanza, akakaa kwenye umande akisubiri, na bado kapita alitoa saa, akaitazama, akasema huyu amechelewa. Ungebisha na nini? Ungesema jua bado? Jua halikuwa na cheo. Babu alizeeka akiwa na makovu ya kuchelewa mahali ambapo hakuwahi kuchelewa, na mpaka kufa kwake, mama alisema, akisikia mtu anauliza saa, mwili wake ulishtuka.

Kwa hiyo mchoraji alimpa saa. Aliichora kubwa, ya rangi ya dhahabu, na alikosea jambo moja kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kumiliki saa: mishale yote miwili aliifanya ya urefu mmoja. Hakuna mtu duniani angeweza kuisoma. Nilipomwonyesha mama kosa hilo alitazama kwa muda mrefu, halafu akacheka mpaka akashika ukuta. "Iache vile vile," alisema. "Waje sasa bamwambie amechelewa."

Picha ilipokauka, seremala akaifungia fremu ya mbao na tukaipeleka Ngagara kwa mjomba. Posa ingefanyika kwake. Ndugu za baba walikuwa Kongo, na miaka ile njia zilikuwa zimefungwa na vita, kwa hiyo mjomba ndiye angekuwa baba yangu siku hiyo. Bila yeye kusema, hakuna wa kusema. Alikaa katika zile nyumba zilizojengwa kwa mpango na mitaa yake ikapewa namba, sakafu ya saruji, mlango wenye kitasa, redio juu ya kabati iliyofunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Alikuwa mwalimu wa historia. Alivaa suti ya sufu mwaka mzima, katika mji ambao ukitoka kuoga unaanza kutoka jasho, na alijifuta paji la uso kwa leso iliyopigwa pasi. Usinielewe vibaya. Alikuwa mtu mwema. Baba alipokufa yeye ndiye aliyesema lazima mtoto huyu asome, na nikasoma.

Mwanzoni aliitazama picha, machozi yakaanza kumtoka. "Ni yeye," alimwambia mama, dada yake mkubwa. "Yaya, ni yeye kabisa. Na masikio yake, angalia." Mimi na mama hatukuthubutu kutazamana. Kisha macho yake yakashuka mpaka mkononi, na nikaona mwalimu anarudi usoni mwake.

"Yaya, ile saa itoke."

"Itoke iende wapi?"

"Baba hakukuwa na saa. Mi nafundisha historia, yaya, watu watanicheka. Ile ni anachronisme."

"Ni ugonjwa?" mama aliuliza.

"Ni kitu yenye kuwekwa mu wakati isiyo yake."

"Basi wamekudanganya ku shule," mama alisema. "Wakati yake ilikuwa ile ile. Balimunyima. Mi namupa sasa."

Mjomba alikaa chini. Hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na ndiyo maana alichosema baadaye kilinisumbua. "Yaya, sikiliza. Kesho wajukuu watakuja kuangalia hii picha. Wataona koti, wataona saa. Watasema, kumbe wakati ya Wabelgiji muzee aliishi muzuri. Utakuwa umewasafisha wale watu bure, kwa rangi yako mwenyewe. Mi nataka baba ya kweli. Mukono yake ilikuwa mutupu, tuiache mutupu."

Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Imenikaa kifuani mpaka leo, na hasira ikipungua huwa naifikiria tena. Lakini siku ile nilikuwa na hasira nyingi, na nikauliza swali nililokuwa nalo.

"Mujomba, na koti?"

"Koti gani?"

"Babu alikuwa na koti?"

Akalinyoosha lake. "Koti ni heshima tu."

"Na viatu?"

"Viatu pia."

"Na kile kiti?"

Aliniambia ninyamaze, wakubwa wanaongea. Nilikuwa nimekwisha kupata jibu langu. Babu alikufa bila koti, bila viatu, na kiti chenye mikono alikiona kwa mzungu tu. Picha nzima ilikuwa nje ya wakati wake kuanzia kisigino mpaka kola, na mjomba aliipokea kwa machozi. Ukweli aliutaka mahali pamoja tu, pale kwenye kifundo cha mkono. Koti halikumwaibisha. Koti lilisema tu kwamba sisi ni watu wa heshima. Saa ilikuwa inasema kitu kingine, ilisema kwamba tunakumbuka, na watu wanaokumbuka hawapendezi sebuleni.

Jumapili iliyofuata nilikaa kanisani nikatazama ile picha iliyotundikwa karibu na altare ya pembeni, ambayo nilikuwa nimeitazama tangu nabatizwa. Malaika anamletea Mama Maria habari. Mama Maria amekaa kwenye chumba chenye vigae sakafuni na vioo madirishani, anasoma kitabu chenye jalada na kurasa, na nyuma yake, dirishani, unaona jumba la mfalme wa Ulaya lenye minara. Nilikuwa mwalimu, nilijua kidogo mambo ya vitabu. Vitabu vya namna ile vilikuja lini, na vioo vile, na minara ile? Nilipotoka nikamfuata mjomba uani.

"Mujomba, ile kitabu ya Mama Maria ni anachronisme?"

Alielewa mara moja, alikuwa na akili. "Ile ni sanaa," akasema.

"Na ya kwetu ni nini?"

Alitazama huku na huku kama watu wanatusikia. "Ile watu wamekwisha kuizoea," alisema, akavaa kofia yake akaondoka.

Basi hapo ndipo nilipojua kwamba neno lile halikuwa na haki. Mzungu akichora malkia wa mbinguni na vitu vya kwao, vya wakati wake, ni sanaa na tunapiga magoti. Mama muuza ndagala akimchorea baba yake saa, ni kosa la mtu ambaye hakusoma. Niliamua kwamba saa haitoki. Mama alikuwa ameamua zamani.

Mjomba naye hakuwa mnyonge. Alimwambia mama kwamba picha ikitundikwa vile, yeye hatasimama kusema, na asiposema yeye hakuna posa. Mama akamwambia basi posa itakuwa Kinama. Mjomba akauliza wakwe wa Kinanira watakaa juu ya nini Kinama, juu ya vikapu vya samaki? Walirushiana maneno kama walivyokuwa wadogo, mimi nikiwa katikati, na siku ya wageni inakaribia. Nilimweleza mchumba wangu habari yote, tukitoka kwenye mazoezi ya kwaya, kuanzia kapita mpaka Mama Maria. Alisimama barabarani kunisikiliza. Alisema, "Mama yako ni mutu wa kweli. Angekuwa babu yangu, ningemuchorea saa mbili, moja kila mukono." Nilitembea mpaka nyumbani bila kuhisi ardhi.

Mwisho mjomba alikubali. Aliapa mbele ya mama kwamba hataigusa picha, wala mchoraji hataitwa, wala haitafichwa chumbani. Itatundikwa sebuleni, juu ya redio, mahali pa mzee. Mama alifurahi, akanunua kitenge kipya.

Na kweli hakuigusa. Siku ya posa tulipoingia, picha ilikuwa ukutani palepale alipoahidi. Ila juu ya pembe moja ya fremu mjomba alikuwa amepigilia msumari mwingine, na hapo ametundika kalenda kwa uzi mrefu, ikaning'inia mbele ya picha. Ilikuwa kalenda kubwa ya karatasi ya kung'aa, yenye picha ya ng'ombe mweupe na milima ya theluji, tena ya mwaka uliopita, maana ya mwaka ule hakuwa nayo. Ilikuwa imefunika mkono wa babu kuanzia kwenye kiwiko. Mama aliiona tangu mlangoni. Alipita akaenda kukaa upande wa wanawake, karibu na mlango wa jikoni, akaikunja ile mikono yake mapajani.

Wageni walikuja na mtungi wa urwarwa, pombe ya ndizi, umefunikwa majani, na kreti za bia nyuma yake. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa mchumba wangu, mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kupendwa. Alianza kwa Kirundi kizuri sana, kisha kwa heshima ya mama akageukia Kiswahili. Walimsalimu babu ukutani, kwanza, kama tulivyokuwa tumewaambia. Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza na shangazi zangu wa kuazima, majirani wa Kinama waliojipaka mafuta mpaka wakang'aa. Nilisikia mjomba akisema vizuri. Alinisifu kwa mambo mengine ambayo sikuyatambua.

Halafu nikaitwa.

Kwetu na kwao, mambo haya yanafanana. Binti analetwa mbele ya watu, anasimama, anatazama chini, na mzee wake anamuuliza: unawajua watu hawa? Akisema nawajua, mtungi unafunguliwa, mrija unaingia, na hakuna wa kurudisha jambo nyuma. Akisema siwajui, mtungi unabebwa unarudi ulikotoka, umefunikwa vilevile. Lakini hilo la pili ni la maneno tu. Sijapata kumsikia msichana aliyelisema. Jibu limekwisha kuwa kama Amina ya misa, watu wanashika bilauri kabla hujafungua kinywa.

Mjomba akauliza, kwa sauti ya furaha, "Mwanangu, watu hawa unawajua?"

Nikainua macho. "Mujomba, mbele ya kujibu, ile kalenda itoke."

Wengine walicheka wakidhani ni mzaha wa bibi harusi. Mjomba alinitazama kwa macho ya kuniomba. Msemaji wa wageni, kwa uchangamfu wake, akasema binti akiomba kitu siku ya leo anapewa, akainuka mwenyewe akaitoa kalenda msumarini. Akaona saa. Akasogea karibu, akaitazama ile mishale yake miwili sawasawa, akacheka kwa tumbo zima.

"Professeur!" alimwambia mjomba. "Muzee wako alikuwa na saa ya mukono wakati ile? Hata shefu wetu, chifu muzima, hakukuwa nayo!"

Sebule nzima ikacheka. Nawaelewa, ilikuwa siku ya kucheka. Lakini nilimtazama mama, na mama alikuwa ameingiza mikono yake chini ya kitenge, akaificha. Mikono ile ile. Hakuna aliyejua kati ya wale wageni kwamba wanacheka mkono wake.

Mjomba alitoa leso. "Ni kosa ya mwenye kuchora," alisema. "Mutu hakusoma. Tutaifuta."

"Si kosa," nikasema.

Nikawaeleza. Sijui nilipata wapi sauti. Niliwaeleza habari ya barabara, ya kuitwa majina, ya saa moja kwa watu wote katika mfuko wa kapita, ya mtu aliyefika wa kwanza akapigwa kama wa mwisho. Nikawaambia kwamba saa ile mama ndiye aliyeiagiza, na amejua alichoagiza. Niliposema habari ya suruali kushushwa, mjomba alifumba macho. Nadhani mengine alikuwa ameyaona kwa macho yake, utotoni, na hakuwahi kutuambia. Hapo nilimhurumia, lakini sikuacha.

Msemaji wa wageni hakuwa mtu mbaya, alikaa chini polepole, akasema kwa upole, "Binti, tumesikia. Pole sana. Lakini ile ni mambo ya zamani, sasa tuko na uhuru yetu. Kwetu kunakuja watu wakubwa. Ukija kwetu, muzee aje, tutamuheshimu. Saa tu ifutwe." Akatabasamu. "Basi jibu, mama, urwarwa inapata moto."

Nilimtazama mchumba wangu. Alikuwa amekaa kati ya baba yake na kaka yake, suti ya kijivu, magoti juu kwa urefu wake. Desturi inamtaka anyamaze, najua. Sikumtaka aseme. Nilitaka ainue kichwa tu. Alikuwa mtu pekee katika ule ukoo aliyekijua kisa chote kabla ya siku ile, na alikuwa ameniambia lile neno barabarani, nikalibeba mpaka nyumbani. Nilisubiri. Nilisubiri kuliko adabu inavyoruhusu, mpaka shangazi mmoja akanigusa kiuno kwa nyuma. Mchumba wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Alivitazama kama vina maandishi.

Mjomba akarudia, taratibu, "Mwanangu. Watu hawa unawajua?"

"Apana," nikasema. "Siwajui."

Sitaeleza kelele. Mtungi ulibebwa ukatoka, majani yake hayajaguswa. Mchumba wangu aliinua kichwa wakati huo, walipokuwa wamesimama wote kuondoka, akanitazama kwa mshangao wa mtu aliyeamshwa. Alikuwa mzuri sana. Nilitaka kumkimbilia, nasema wazi, miguu yangu ilitaka. Sikuikubalia.

"Umetuua," mjomba aliniambia wageni walipokwisha kutoka. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka, na koti lake lilikuwa limelowa mgongoni. "Sisi watu wa kuja tu mu inchi ya wenyewe. Umejua ni miaka mingapi nimejenga jina hapa?"

Mama alikuwa amepanda juu ya kiti. Aliishika fremu kwa mikono miwili akaivuta, na msumari ukatoka pamoja na kipande cha chokaa. Hakunishukuru wala hakunigombeza, si siku ile wala baadaye. Alinipa upande mmoja akasema, "Shika nyuma."

Ilikuwa mchana kweupe. Kutoka Ngagara mpaka Kinama ni mwendo, na mama alikataa tuifunge kwa kitenge. Yeye mbele, mimi nyuma, fremu katikati, uso wa babu ukiwa upande wa barabara. Watoto walitufuata. Wanawake waliokuwa wanasuka nywele vibarazani walisimama. Kila aliyeuliza huyu ni nani, mama alimjibu, "Ni baba yangu," bila kupunguza mwendo, na alijibu kwa sauti kubwa kuliko ya sokoni. Mtu mmoja juu ya baiskeli alipunguza mwendo akatupigia kelele, "Mama, muzee wako anasema ni saa ngapi?" Mama akamgeukia, kwa mara ya kwanza siku ile akacheka, akamwambia amuulize mwenyewe. Mimi nyuma nilikuwa nalia, machozi yananiingia mdomoni, na sikuweza kujifuta kwa sababu mikono yangu yote miwili ilikuwa imembeba babu.